Mapato ya ukumbi wa sinema Mwanza wakati wa Vita vya Kagera: je, hesabu hizi zinawezekana?

Mjukuu wa Mabatini

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Naomba msaada wa watu wanaofahamu hesabu za biashara ya sinema, hasa wale walioifanya kabla ya mikanda ya video kuingia nchini, kwa sababu nina daftari ambalo limenishinda kulielewa na ambalo kwa familia yetu si karatasi kuukuu tu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa meneja wa ukumbi mmoja wa sinema hapa mjini Mwanza tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi mwaka 1979. Mwaka huo aliachishwa kazi kwa maelezo kwamba fedha alizokuwa akipeleka benki hazikulingana na umati ulioonekana ukiingia ukumbini. Hakufikishwa mahakamani, wala hakuna aliyeketi naye kupitia mahesabu. Aliambiwa tu akabidhi funguo. Alirudi Magu kulima pamba, na neno hilo likamfuata mpaka kaburini. Mama anasema kwamba shuleni aliitwa mtoto wa mla tiketi, na hadi leo ndugu wakigombana kwenye kikao cha ukoo, kuna mtu atalitoa jambo hilo.

Bibi alipohamia kwetu alikuja na sanduku la bati, na chini ya vitenge kulikuwa na daftari refu lenye jalada jeusi na mgongo wa kitambaa chekundu. Kila onyesho lina mstari wake: tarehe, saa, jina la picha, idadi ya waliokaa Juu, Kati na Mbele, namba ya tiketi ya kwanza na ya mwisho kwa kila daraja, kisha upande wa kulia kodi, makaa, dizeli, na ujira wa kibarua wa kubandika mabango. Mwandiko ni wa wino wa bluu, isipokuwa pambizoni ambako ametumia penseli nyekundu.

Kinachonitatiza ni hiki. Kuanzia Novemba 1978 mpaka Machi 1979, idadi ya watu kwa wiki imepanda kuliko miezi ileile ya mwaka uliotangulia, lakini fedha zilizopelekwa benki zimeshuka. Penseli nyekundu inasema maneno mafupi tu: "giza", "treni haikuja", "sare nusu", "picha ya zamani". Je, inawezekana kweli ukumbi ujae zaidi na mapato yapungue bila mtu kuiba? Na je, wenye kumbi za sinema katika vita vingine waliona jambo kama hili? Ninauliza kwa moyo mweupe. Kama jibu ni kwamba babu alikosea, niambieni pia.

Mhasibu Mstaafu, Nyegezi

Marahaba mjukuu wangu, na poleni kwa mzigo mliobebeshwa bila ushahidi. Sikufanya kazi katika ukumbi wa babu yako, lakini nilikagua hesabu za biashara za rejareja na za burudani kwa miaka mingi, na nitakueleza ninachokiona katika maelezo yako.

Jambo la kwanza ni kwamba ukumbi wa sinema hauuzi picha. Unauza kiti kwa saa fulani, na kiti kilekile kina bei tofauti kulingana na mahali kilipo na wakati kinapokaliwa. Onyesho la saa tatu usiku ndilo lililokuwa likibeba biashara nzima, kwa kuwa ndilo lililowaleta watu wa Juu: wafanyakazi wenye mshahara, wafanyabiashara na familia zao, watu waliokuja wamevaa vizuri na kununua soda wakati wa mapumziko. Onyesho la mchana lilikuwa la vijana, wapagazi wa sokoni na watoto wenye senti chache, na hao walikaa Mbele.

Sasa nenda Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba, na miji ya kandokando ya ziwa ikaingia katika hofu ya ndege. Mtaani kwetu tuliambiwa tusiwashe taa inayoonekana kutoka nje. Tulitundika mablanketi madirishani na magari yakapakwa rangi kwenye taa za mbele. Hilo ndilo "giza" la penseli nyekundu. Kama onyesho la usiku liliondolewa au kubakia jina tu, basi babu yako alipoteza saa yake ya thamani kubwa kuliko zote, akabaki na saa za mchana ambazo bei yake ni ndogo.

Nikupe mfano wa kubuni ili uone namna hesabu inavyojigeuza. Tuseme ukumbi una viti 400: viti 80 vya Juu kwa shilingi 6, viti 160 vya Kati kwa shilingi 4, na viti 160 vya Mbele kwa shilingi 2. Usiku mmoja ukijaa kabisa unaleta shilingi 480, 640 na 320, yaani shilingi 1,440 kutoka kwa watu 400. Ukilifuta onyesho hilo na kuweka mawili ya mchana, kila moja likiwa na watu 10 Juu, 60 Kati na 150 Mbele, unapata watu 440 kwa siku, lakini fedha ni shilingi 600 mara mbili, yaani 1,200. Watu wameongezeka kwa 40, na fedha zimepungua kwa shilingi 240. Tena hapo bado sijaingiza "sare nusu", ambayo bila shaka ni askari waliovaa sare kuingia kwa nusu bei. Nusu ya wale wa Kati wakiwa askari, kila onyesho linapoteza shilingi 60 nyingine, na siku nzima inafikia shilingi 1,080.

Anayesimama nje barabarani ataona foleni ndefu kuliko ya mwaka jana, na ataapa kwamba kuna fedha zinazopotea. Hajui ni daraja gani wanaingia.

Lakini nisikupe faraja ya haraka. Nenda kwenye safu ya namba za tiketi. Chukua namba ya mwisho, utoe namba ya kwanza, uongeze moja; hiyo ndiyo idadi ya tiketi zilizouzwa katika daraja hilo. Zidisha kwa bei, jumlisha madaraja yote, kisha linganisha na fedha za siku hiyo. Halafu angalia kama namba ya kwanza ya onyesho linalofuata inaanzia pale ile ya mwisho ilipoishia. Fanya hivyo kwa kila siku wala usichague zile zinazopendeza. Ukimaliza, rudi hapa.

Mwalimu wa Historia, Musoma

Habari zenu. Ndugu Mhasibu ameeleza vizuri upande wa dirisha la tiketi, nami niongeze upande wa historia, kwa kuwa swali la dada yetu limewahi kuulizwa na wenye kumbi katika nchi nyingi.

Uingereza ilipoingia vitani tarehe 3 Septemba 1939, serikali iliamuru kumbi zote za sinema zifungwe siku ileile, kwa hofu kwamba bomu moja lingeua mamia waliokusanyika chini ya paa moja. Amri hiyo haikudumu: kabla mwezi haujaisha kumbi zilikuwa zimefunguliwa tena, ingawa saa za kufunga zilibanwa. Kilichofuata kiliwashangaza hata wenye biashara. Mwaka 1939 tiketi zilizouzwa zilikuwa karibu milioni 990. Mwaka 1945 zilifika karibu milioni 1,585, na mwaka uliofuata, 1946, zikapanda hadi karibu milioni 1,635, kiwango ambacho nchi hiyo haijakifikia tena. Watu walikuwa na mishahara ya viwandani, bidhaa za kununua zilikuwa za mgawo, nyumba zilikuwa baridi na gizani, na sinema ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyopatikana bila kadi ya mgawo. Ving'ora vilipolia, meneja alitoa tangazo kwenye pazia kwamba anayetaka kwenda mahandakini aende, na picha ikaendelea kwa wale waliobaki. Wengi walibaki.

Kwa hiyo nisingeshangazwa na safu ya idadi ya watu katika daftari la babu. Umati katika vita ni jambo la kawaida. Ugumu wa biashara ulikuwa kwingine.

Kwanza kabisa ni kodi. Uingereza ilianzisha kodi ya burudani mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika vita vya pili ikaipandisha zaidi ya mara moja. Marekani iliongeza kodi ya kiingilio kutoka asilimia 10 hadi 20 mwezi Aprili 1944. Mwenye ukumbi akawa mkusanyaji wa serikali: fedha zinapita mkononi mwake, anazihesabu, anazifunga kwenye mfuko, lakini si zake. Mtazamaji hakulijua hilo. Alijua tu kwamba kiingilio kimepanda, na lawama akamtupia meneja.

Pili ni ukanda wenyewe wa filamu. Ukanda wa nitroselulosi wa wakati ule ulikuwa ndugu wa karibu wa baruti, na viwanda vilikuwa vinahitajika kwa mabomu. Ukanda mbichi ukawekwa chini ya udhibiti, nakala za kila picha zikapunguzwa, na kila nakala ikatakiwa kufanya kazi muda mrefu zaidi kabla ya kutupwa. Kwetu huku Afrika Mashariki, ambako picha za Kihindi zilikuwa na wapenzi wengi mno, ni muhimu kukumbuka kilichotokea Bombay. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ya India iliweka kikomo cha futi 11,000 kwa urefu wa filamu. Mashine humeza futi 90 kwa dakika, kwa hiyo futi hizo ni kama saa mbili na dakika mbili, ilhali wapenzi walikuwa wamezoea picha ndefu zaidi. Hata hivyo biashara haikufa: picha iitwayo Kismet, iliyotoka mwaka 1943, ilikaa katika ukumbi wa Roxy mjini Calcutta kwa zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Picha mpya zikiwa chache, ile inayopendwa hurudiwa na watu huirudia pamoja nayo. Nadhani "picha ya zamani" katika pambizo la babu inatoka katika hali ya namna hiyo.

Na wapo waliolipa gharama isiyoingia kwenye daftari lolote. Tarehe 16 Desemba 1944 kombora la Wajerumani liitwalo V-2 lilipiga ukumbi wa Rex mjini Antwerp, Ubelgiji, wakati wa onyesho la mchana, na watu 567 wakauawa, wengi wao askari wa mapumziko. Baada ya hapo kumbi za burudani za mji huo zikafungwa. Ninawataja kwa sababu tunapozungumza habari za viti kujaa, ni haki tukumbuke ni nini kilikuwa kinahofiwa.

Ukraine leo wanaishi na fumbo hilohilo kwa namna mpya. King'ora kikilia, onyesho husimama, watazamaji huelekezwa kwenye hifadhi, na kama hatari haipiti kwa wakati, tiketi hutumika siku nyingine. Kiti kimeuzwa mara moja na kinatolewa mara mbili, na katika majira ya baridi ya mwaka 2022 kumbi nyingi ziliendeshwa kwa jenereta. Ukiwa mhasibu wa ukumbi huo, tayari umeona tofauti kati ya idadi ya watu walioingia na fedha zilizopatikana, na hakuna aliyeiba.

Fundi wa Kirumba

Dada yangu, hilo neno "makaa" limenirudisha mbali. Mimi nilikuwa msaidizi wa mwendesha mashine nikiwa kijana, si Mwanza bali katika mji mwingine wa Kanda ya Ziwa, na napenda nieleze kazi ile ilivyokuwa, kwa sababu wahasibu huandika "makaa" kama kitu kidogo.

Mashine za zamani hazikuwa na balbu kubwa. Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya makaa, kimoja kikitazamana na kingine, vimeachana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa kidole. Unavigusanisha, unaviachanisha, na mwali mweupe unaruka kati yao. Huwezi kuutazama isipokuwa kupitia kioo cheusi. Vijiti huliwa kadiri vinavyowaka, na kazi ya msaidizi ni kuvisogeza kidogokidogo ili nafasi ibaki ileile. Ukizubaa, picha inageuka rangi ya chai, na chini ukumbini watu wanaanza kupiga miluzi na kugonga viti. Vijiti vile vilitoka ng'ambo. Katika Vita Kuu ya Pili, kule Marekani waendesha mashine waliombwa wakusanye hata matone ya shaba yaliyodondoka kutoka kwenye ganda la vijiti hivyo, yarudishwe viwandani. Hapa kwetu hatukukusanya shaba, lakini vipande vifupi vilivyobaki tuliviunganisha kwa kibanio maalumu ili tuvichome mpaka mwisho. Kijiti kifupi kinawaka vibaya, kinatoa majivu, na mwanga unayumba. Basi ukiona katika daftari makaa yanapungua ilhali maonyesho hayapungui, ujue kwamba mtu alikuwa akibana matumizi hivyo, na picha ilikuwa hafifu.

Kuhusu treni. Reli ya kutoka Dar es Salaam inaishia Mwanza, na mikebe ya filamu ilisafiri humo kama mizigo mingine. Picha ilianza Dar es Salaam, ikazunguka miji mikubwa, na sisi wa ziwani tuliipata ikiwa imechakaa, yenye mikwaruzo kama mvua. Wakati wa Vita vya Kagera reli, malori na mabasi vilikuwa na kazi ya kubeba askari na silaha. Hata magari ya watu binafsi yalichukuliwa. Mikebe ya sinema ilisubiri stesheni. Treni isipokuja, meneja ana uchaguzi wa aina mbili: afunge ukumbi, au arudie picha iliyoko kabatini. Na picha ya kurudia huwezi kuiuza kwa bei ya mpya, hasa Juu, kwa sababu mtu wa Juu ameshaiona. Mtoto wa Mbele ataiona mara kumi na ataimba nyimbo zake zote.

Palipokuwa na kumbi mbili na nakala moja, tuligawana. Picha moja ilikuja katika rili kadhaa, kila rili dakika ishirini na kitu. Ukumbi wa kwanza ulianza mapema, na rili ikiisha tu, kijana anaipakia kwenye kapu la baiskeli na kukimbia nayo hadi ukumbi wa pili. Pancha moja tu, na watu mia tatu wanakaa gizani wakisubiri. Mara mbili nilishuhudia meneja akirudisha nusu ya kiingilio kwa sababu rili ya tano haikufika. Fedha hizo zilizorudishwa ziliandikwa wapi? Tafuta, dada. Tiketi imeuzwa, namba yake imepita, lakini fedha zimerudi kwa mwenyewe.

Mkazi wa Pasiansi

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naona tunamtetea marehemu kabla ya kusikiliza upande wa pili, na dada mwenyewe ametuomba ukweli. Wizi katika kumbi za sinema ulikuwepo, na njia yake ilijulikana. Mkata tiketi mlangoni hakuichana tiketi. Aliipokea nzima, akaikusanya na nyingine, na baadaye ikarudi dirishani kuuzwa mara ya pili. Namba za tiketi zilibaki safi kabisa, kwa kuwa tiketi moja iliingiza watu wawili na fedha za mmoja ndizo zilizoandikwa. Pia walikuwepo walanguzi walionunua tiketi za picha inayopendwa na kuziuza nje kwa bei ya juu, wakigawana faida na watu wa ndani. Kwa hiyo zoezi la Mhasibu la kutoa namba ya kwanza kutoka ya mwisho linaweza kutoka sawa na wizi ukawa ulitokea. Mwajiri aliona umati mkubwa kuliko fedha. Hiyo ndiyo dalili hasa ya tiketi kuuzwa mara mbili.

Mhasibu Mstaafu, Nyegezi

Ndugu wa Pasiansi, hoja yako ni ya haki na nimeikalia usiku mzima kabla ya kujibu. Ni kweli kwamba tiketi iliyouzwa mara mbili haionekani katika namba. Lakini soma tena alichoandika mjukuu. Hakusema kwamba watu wa barabarani waliona umati mkubwa kuliko daftari. Alisema kwamba daftari lenyewe, kwa mkono wa babu yake, ndilo linaloonyesha watu kuongezeka. Anayeuza tiketi mara mbili huandika watu wachache kuliko walioingia, kwa sababu wale wa ziada ndio fedha yake. Ukumbi ukifurika, daftari lake hubaki limetulia kama ziwa la asubuhi. Huyu aliandika ukumbi umejaa, akaandika na daraja walilokaa, kisha akaandika fedha kidogo pembeni yake, akiwa anajua kwamba mkubwa wake atasoma. Aliyetaka kuficha hakuwa na sababu ya kuupa ushahidi huo kwa wino.

Hilo halimalizi jambo. Linasema tu kwamba swali sahihi ni kama madaraja aliyoyaandika ni ya kweli. Njia nyingine ya wizi ni kuuza tiketi ya Kati na kuiandika kuwa ya Mbele. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ongeza kipimo kimoja: angalia kama waliokaa Mbele wamewahi kuandikwa zaidi ya viti vilivyokuwepo Mbele. Kama kuna siku ambayo Mbele imezidi viti vyake, hapo pana maswali. Kama haikuzidi hata siku moja, na namba zinafuatana, basi mimi nitaweka jina langu chini ya hesabu hizo.

Nikuongezee na jambo la kodi ya picha, yaani malipo kwa msambazaji. Tangu mwaka 1968 tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, na uingizaji na usambazaji wa filamu uliwekwa mikononi mwake. Ukumbi ulilipa ama kiasi maalumu kwa picha au sehemu ya mapato, na mara nyingi palikuwa na kiwango cha chini kisichoshuka. Katika wakati wa kawaida kiwango hicho hakimuumizi mtu. Mapato ya usiku yakitoweka, kinabaki palepale, na ndicho kinachokula kilichosalia. Majengo mengi nayo yalikuwa yametaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, kwa hiyo palikuwa na kodi ya pango ya kila mwezi, iwe kuna vita au hakuna. Kabla hujajumlisha hasara, jua kwamba sehemu kubwa ya gharama za ukumbi hazikujua kama onyesho la usiku limefutwa.

Mjukuu wa Mabatini

Shikamoo Mzee, na shikamooni nyote. Nimechukua siku tisa. Nilikaa na binamu yangu anayesoma uhasibu, tukapitia mstari kwa mstari kutoka tarehe 1 Novemba 1978 mpaka mwisho wa Aprili 1979, yeye akisoma na mimi nikipiga kikokotoo, kisha tukabadilishana.

Namba zinafuatana. Kuna sehemu mbili tu zilizoruka, na zote zina maelezo ya penseli nyekundu: moja inasema "kitabu kimelowa", na nyingine inasema "rili ya 4 haikufika, nimerudisha", ikifuatiwa na kiasi. Fundi wa Kirumba, nilipousoma mstari huo nilikukumbuka, nikamsomea bibi kwa sauti. Bibi alisema kwamba siku ile babu alirudi nyumbani bila viatu, kwa sababu vilipotea katika msongamano wa watu waliodai fedha zao dirishani.

Kuhusu kipimo cha Mbele: hakuna siku iliyozidi viti. Siku nyingi imejaa kabisa, kiti cha mwisho, lakini haikuzidi. Juu ndiko kulikokauka. Wiki ya pili ya Desemba kuna maonyesho matatu mfululizo ambayo Juu pana sifuri, na babu ameizungushia sifuri hiyo penseli nyekundu kila mara.

Mkazi wa Pasiansi, nimelichukulia neno lako kwa uzito uleule, na siwezi kuthibitisha kwamba mkata tiketi hakufanya ulichoeleza bila babu kujua. Ninachoweza kusema ni kwamba fedha alizopeleka benki zinalingana na tiketi alizoziandika, isipokuwa siku nne zenye tofauti ya shilingi chache, na katika siku mbili kati ya hizo fedha zimezidi.

Kuna ukurasa mmoja ninaomba mnisaidie. Alhamisi tarehe 29 Machi 1979 ina tarehe, saa na jina la picha, na namba ya tiketi ya kwanza kwa madaraja yote matatu. Namba ya mwisho haipo. Hakuna fedha, hakuna makaa, hakuna maelezo.

Mhasibu Mstaafu, Nyegezi

Marahaba mwanangu. Siku hiyo ndiyo ndege ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilipokuja kulenga ghala la mafuta la hapa mjini. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Aliyekuwa amefungua dirisha la tiketi mchana ule alilifunga, na kama walikuwepo waliokwishanunua, wangerudishiwa. Fedha za siku hiyo zisipoonekana benki, usizihesabu kama upungufu.

Niletee daftari Nyegezi Jumamosi, uje na binamu yako na mama yako pia. Nitaandika taarifa ya ukaguzi kwa utaratibu unaokubalika, kurasa kwa kurasa, pamoja na zile siku nne zenye tofauti, wala sitazificha. Mkazi wa Pasiansi kama yuko tayari namwomba aje naye, kwa sababu taarifa iliyosomwa na mwenye mashaka ndiyo nitakayopenda ipelekwe kwenye kikao cha ukoo wenu.

Mkazi wa Pasiansi

Nitakuja, Mzee. Saa ngapi?